Mteja wangu kanaswa na cherehani

Januari sisi mafundi wa uswahilini tunaishi kwa sare za shule tu, kaki, dakroni, sketi za marinda, asubuhi mpaka usiku, kwahiyo mtu akija na shifoni, kile kitambaa chepesi cha kuteleza, mwezi huo mi huwa najifanya sijamuona. Sio dharau jamani. Shifoni inataka fundi ametulia, mikono imekauka jasho, feni imezimwa, na pasiwe na mtu pembeni anayemuongelesha. Tandika hapa hali hiyo utaipata saa nane za usiku.

Sasa Jumamosi hiyo jua linawaka, bajaji ikapaki mbele ya kibaraza akashuka mama mmoja mtu mzima, kanukia udi mpaka wa chipsi kageuka, kavaa gauni la shifoni rangi ya pichi, mwamvuli kamili mpaka chini, yaani likitandazwa ni duara zima, ndani bitana ya satini, mkononi pochi inang'aa. Ni mama mkubwa wa bibi harusi, sendoff ipo Sinza saa kumi na mbili, na ye ndo anapokea wageni mlangoni.

"Fundi mwanangu, ni dakika mbili tu. Hapa chini pindo limefumuka."

Nikainama kuangalia. Mwenzetu aliyelishona, na simjui ni nani, alikuwa kalikunja nene kama anakunja kitenge, halafu stichi ndefu zile za kushikizia, yaani pindo zima limevutika makunyanzi, na kipande cha shubiri moja hivi uzi umeachia kabisa na nyuzi za kitambaa zinachomoka zenyewe. Na pindo la mwamvuli sio mchezo. Kiuno cha sentimita 90 na urefu wa mita moja, ukizunguka kule chini unazunguka mita 7 na zaidi, na karibu zote zinapita kwenye mshazari, yaani kitambaa kimekatwa kiupandeupande, ambako kitambaa kinanyumbuka kikijisikia. Ndo maana gauni la hivyo unalitundika kwanza usiku kucha lijishushe, asubuhi unasawazisha kwa mkasi ndo unakunja. Hili halikutundikwa, upande mmoja ulikuwa unafagia na mwingine unachungulia.

"Mama, livue nilifanyie kazi nzuri."

"Nilivue?" Akacheka kicheko kile cha kuudhika. "Hii zipu imefungwa na watu wawili, mmoja alinikanyaga mgongoni. Nikilivua sirudi ndani. Shona hivihivi."

Basi. Ofisini nina cherehani mbili. Ile nyeusi ya miguu ndo mpenzi wangu wa shifoni, maana inashona mstari tu na bamba lake, kile chuma cha chini ya sindano, lina kitundu kidogo, sindano inapita na kitambaa hakipati pa kuzama. Lakini mkanda wake ulikatika asubuhi hiyohiyo na dogo wangu kaenda Kariakoo kuufuata, na dogo akienda Kariakoo tunajuana. Ikabaki ile ya umeme, ya zigizaga, ambayo bamba lake lina uwazi mpana ili sindano icheze kushoto na kulia, na uwazi ule kwa shifoni ni shimo la choo, kikitumbukia ndo basi tena. Juu yake kulikuwa na sindano namba 16 dogo alikuwa anashonea mifuko ya kaptula za kaki. Namba 16 kwenye shifoni haitoboi, inasukuma. Inakisukuma kitambaa chini mpaka kwenye yale meno yanayokivuta, uzi wa chini unakidaka, vinafungana.

Mi nikamwambia mama keti hapo kwenye stuli, nibadilishe sindano niweke namba 9, nibadilishe na uzi, nitafute na karatasi ya kuweka chini. Akaniangalia kama namuomba kiwanja.

"Fundi, sindano mpya kwa pindo la shubiri moja?"

Nikawa nimeshaliweka lile pindo chini ya mguu wa cherehani, kile kichuma kinachobana kitambaa, sio kushona, kupima tu nione litakaaje na ye kakaa vile. Nikageuka kufungua droo ya sindano. Mama naye akaona stuli iko mbali, akaivuta mbele, na kile kiatu chake chenye kisigino kirefu kikatua juu ya pedali.

Yaani cherehani ilinguruma kwa spidi ya kaki. Drrrrrrr! Mama akapiga ukelele, na akishtuka ndo anazidi kukanyaga, anakanyaga anapiga kelele, anapiga kelele anakanyaga, mi nimeruka juu ya meza kuchomoa waya ukutani. Kimya kikaja. Nikaangalia pale chini ya mguu. Kama viganja viwili vya shifoni havipo. Vimezama chini na kipande cha bitana juu, na sindano imenasa katikati haipandi haishuki.

Na simu yake ikaita hapohapo.

"Mama mkubwa upo wapi? MC kafika!"

Akasimama. Mazoea tu, simu ya ukoo unaipokea umesimama. Na cherehani ikasimama naye! Ikainuka upande mmoja, meza ikafuata, kopo la vifungo likaenda chini, nikaikumbatia cherehani huku namwambia mama kaa, kaa mama, kaa kwanza, na ye anaongea na simu, "nipo njiani, nipo hapa Mwenge", Mwenge gani na mwenzako umefungwa Tandika.

Watu wakajaa. Hapa mtaani ukikohoa vibaya unapata watu kumi, sembuse mama wa sendoff kafungwa kwenye cherehani. Kila mtu mtaalamu. Mmoja anasema vuta kwa nguvu. Mwingine mwagia mafuta. Wa chipsi anapiga kelele kule kwenye karai, "mama ondoka nayo tu, ni zawadi ya bibi harusi!" Dereva wa bajaji ndo aliniua, katoa kiberiti kabisa, anataka auchome uzi ukatike. Nikamdaka mkono. We kaka, hii shifoni ni poliesta, poliesta haiungui ikaacha jivu kama pamba, inayeyuka, inakuwa uji mweusi wa moto unagandia mpaka kwenye ngozi, unataka tuchome mama wa watu nyonga?

Kuinasua sio nguvu. Unageuza gurudumu kwa mkono taratibu kuja kwako mpaka sindano itoke, unainua mguu, unafungua chini unatoa bobini, ile yenye uzi wa chini, unakata nyuzi moja moja, na kama bado kimeng'ang'ania unafungua skrubu mbili za bamba ulitoe lenyewe. Gurudumu likagoma. Bobini ikagoma. Zikabaki skrubu, na bisibisi yangu ilikuwa kwa fundi simu jirani, na fundi simu kafunga kaenda kuswali.

Sasa skrubu za cherehani ile zina mfereji mpana, unaweza kuzifungua na sarafu. Mama akatoa ya mia mbili kwenye pochi, haiingii. Inatakiwa ya hamsini. Jamani, mara ya mwisho umeiona lini hamsini mjini hapa? Umati mzima ukaanza kujipapasa mifuko, mia, mia mbili, mia tano, mtu mzima kabisa ananipa funguo ya geti. Mpaka bibi wa bagia akaja polepole na kikopo chake cha chenji, akachambua, akanipa hamsini, na akasema kwa sauti kila mtu asikie, "naitaka hiyo".

Skrubu ya kwanza ikalegea. Ya pili. Bamba likatoka, na chini yake kuna fundo la uzi wa kaki, shifoni na bitana vimesokotana pamoja. Nikalala chali chini ya meza na kimkasi cha kukatia kope, nakata uzi mmoja nangoja, nakata mwingine, mama juu ananihesabia dakika na kunisomea dua. Kikatoka. Kina matundu kama sita na mafuta kidogo, lakini kimetoka, na watu wakapiga makofi, na kuna kijana muda wote kumbe anarekodi.

Hapo sasa mama kanyamaza. Nikasema kwa heshima zote, sasa mama utaniachia nifanye kwa njia yangu, na viatu uvue. Akavua.

Nikaweka namba 9 mpya kabisa, maana sindano yenye ncha butu hata iwe nyembamba vipi itakwangua nyuzi. Uzi mwembamba wa poliesta juu na chini. Tensheni nikailegeza. Urefu wa stichi nikaushusha kati ya milimita moja na nusu na mbili. Nikakata sehemu yenye matundu nikaisawazisha mpaka ikapotea kwenye mzunguko, na huko kwenye mita 7 nani atajua. Kilichobaki ni karatasi ya chini ya kuzuia kitambaa kisizame. Gazeti linaacha wino kwenye pichi. Karatasi za wa chipsi zina mafuta. Nikachukua tishu, ndio, tishu ya chooni, dukani hapo jirani, nikaikunjua mkanda mrefu nikailaza chini ya pindo, nikashika ncha za nyuzi zote mbili nyuma kwa vidole, sikuanzia ukingoni kabisa, nikaanza ndani kidogo, pedali naigusa tu. Mstari wa kwanza ukingoni, nakunja, mstari wa pili, napunguza kitambaa karibu na uzi, nakunja tena, wa mwisho. Likatoka pindo jembamba, limelala, hakuna kunyanzi hata moja, mpaka mama mwenyewe akavaa miwani kulikagua.

"Sasa ngoja nichane tishu."

Simu ikaita tena. Mama kachukua viatu mkononi, karukia bajaji, "fundi nimechelewa!", na mkanda wa tishu nyeupe unapepea kule chini kuzunguka gauni zima. Nikakimbia nyuma ya bajaji mpaka kwenye lami. Na hela? Katupa elfu tano dirishani, na akakumbuka kupiga kelele, "elfu mbili ni ya dereva kunisubiri!" Yaani nirudishe chenji kwa bajaji inayoondoka. Narudi ofisini, bibi wa bagia kakaa kwenye stuli anangoja hamsini yake, na hamsini haionekani, imedumbukia ndani ya cherehani.

Usiku nimefungua simu, meseji ya WhatsApp namba ngeni. Ni mama. Nikasema leo natukanwa. Kumbe kaandika:

"Fundi, kuna wamama watatu hapa wanaulizia hiyo lesi nyeupe ya chini umeitoa wapi. Niwaambie mita shilingi ngapi?"