Apdeti ya Windows ikigoma, uhangaike nayo au uachane nayo?

Kuna ubishi mmoja hauishi kati ya mafundi wa kompyuta. Mtu analeta laptopu anasema hii kitu kila siku inashusha apdeti, inafika mwisho inagoma, inaandika manamba tu, alafu kesho inaanza upya na bando linaliwa. Fundi wa kwanza atamwambia zima apdeti zote hazina kazi, wa pili atamwambia niachie siku mbili niitafutie dawa. Mi nimeshawahi kuwa fundi wa kwanza na nimeshawahi kuwa wa pili, kwa hiyo simcheki yeyote hapo.

Chukua apdeti inayoitwa KB5034441 ya Windows 10 iliyotoka Januari 9, 2024. Iligoma kwa watu kibao duniani na eroo ya 0x80070643. Ukienda kutafuta maana ya hiyo namba unaambiwa "imeshindikana kuingia", asante sana, hilo tumeshaliona. Kumbe shida ilikua nafasi, na wala sio nafasi ya C, ile sehemu kuu ya diski inayokaa Windows na mafaili yako. Apdeti ilikua inarekebisha ile Windows ndogo ya uokozi, WinRE, inayokaa kwenye kipande chake cha diski kilichofichwa, na hicho kipande kilitakiwa kiwe na MB 250 wazi. Unaweza ukawa na GB 200 tupu kwenye C na bado ikagoma. Microsoft wenyewe walikiri kwamba eroo iliyotakiwa kutokea ni ya nafasi kutotosha, mfumo ukatoa hiyo nyingine ya jumla. Sasa fikiria watu waliokesha wanafuta folda ya SoftwareDistribution zinakoshukia apdeti, wanapiga sfc /scannow, wanapiga DISM, zote amri za kukarabati mafaili ya Windows, wanazima na kuwasha huduma za apdeti, na katika hayo yote hakuna hata moja linaloongeza MB 1 kwenye kile kipande.

Dawa iliyotolewa ilikua hivi: zima WinRE kwa amri ya reagentc, ingia diskpart, programu ya kugawa diski, punguza C kwa MB 250, futa kipande cha uokozi, tengeneza kingine kikubwa zaidi, washa WinRE tena. Kwa fundi sawa. Kwa mama mwenye duka la steshenari, hapana, diskpart haikuulizi mara mbili, ukichagua kipande sicho ukapiga delete imeenda na picha za harusi humo humo.

Hapo ndo upande wa "achana nayo" unapata nguvu, maana apdeti yenyewe ilikua inaziba nini? Ilikua inaziba njia ya mtu aliyeshika kompyuta yako mkononi kuipita BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga data za diski, kupitia WinRE. Laptopu nyingi za mtaani diski zake hazijafungwa kwa BitLocker kabisa, mwizi wala hahitaji ujanja huo, anachomoa diski anaichomeka kwenye mashine yake anasoma. Kuhangaika nayo kwenye laptopu ya namna hiyo ni kununua kufuli la nyumba isiyo na mlango. Na wanaoogopa apdeti wana kumbukumbu nyingine, toleo la 1809 la Oktoba 2018 lilifuta mafaili ya baadhi ya watu kwenye Documents, likasimamishwa siku chache baada ya kutoka, likarudi Novemba.

Ila sasa geuza shilingi. Machi 14, 2017 Microsoft walitoa apdeti MS17-010. Mei 12 mwaka huohuo WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai hela, ikaingia, ikapita tundu lilelile lililokua limezibwa miezi miwili nyuma, hospitali za Uingereza zikaanza kurudisha wagonjwa. Na hii haikumsubiri mtu abonyeze kitu, ilikua inaruka yenyewe kutoka mashine hadi mashine kwenye mtandao. Aliyezima apdeti zote kwa vile apdeti moja ilimsumbua alikua ameifungia nje na hiyo MS17-010.

Kwa hiyo mi kosa naliona kwenye neno "zote". Apdeti moja imegoma, fundi anaua huduma nzima, mteja anaondoka na furaha, miaka inapita. Wakati kuna njia ya katikati, unaweza kuificha hiyo moja tu isiletwe tena, unaweza kusimamisha kwa siku 35, na kama shida ni bando unaiambia Windows kwamba hiyo waifai au hotspoti inahesabiwa data, inaacha kujishushia ovyo. Alafu apdeti za kila mwezi kwenye Windows 11 zinabeba na za nyuma (Windows 10 nayo ilikua hivyo, ila msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025), ya mwezi huu ikigoma ukingoja ya mwezi ujao hujapoteza kitu kikubwa. Ikigoma na ya mwezi ujao hapo sasa jua kuna kitu kimeharibika ndani, na hapo ndo DISM na sfc zina kazi.

Na kuna kundi ambalo ubishi huu hauwahusu hata kidogo. Wale waliopigiwa Windows ya flashi iliyopunguzwa ili iwe nyepesi, huko ndani huduma ya apdeti ilishang'olewa kabla hata haijafika kwako. Unaweza kupiga amri mpaka vidole viume. Hapo ni kupiga Windows nzima isiyochezewa, basi.

Katikati ya 2024 niliishika laptopu ya shangazi, apdeti zilizimwa na fundi fulani, ya mwisho kuingia ilikua ya 2021. Nikataka kumrudishia hivohivo, nikajua ni ya muvi tu, kumbe ndo anatunzia hesabu za VICOBA, majina na namba za simu za kina mama wote. Nikawasha huduma, nikabadilisha jina la SoftwareDistribution ijitengeneze upya, nikaiacha kwenye waifai ya jirani toka mchana hadi usiku. Zikaingia. Ile ya WinRE nikaificha, hana BitLocker huyu, na diskpart kwenye hesabu za watu mi siingii.