Naenda Goma, Usiniagize Fromaji

Hapa Bukavu, kusini mwa Ziwa Kivu upande wa Kongo, Goma ikiwa kaskazini mwa ziwa hilo hilo, kuna siri moja ambayo mtu mwenye akili huificha hata kwa ndugu wa tumbo moja: siku ya safari. Mshahara utaje, deni litaje, ugomvi wa chumbani utaje ukipenda. Lakini ukiropoka "kesho kutwa naenda Goma" pale watu wanapojaza bidoni za maji, umekwisha. Jua halijatua, simu inalia. Ni shemeji, ambaye hajakusalimu tangu Pasaka. Anauliza watoto, anauliza mgongo, anauliza mpaka mbwa aliyekufa mwaka juzi, kisha anatua mzigo: "Eh yaya, si utatuletea ka fromaji? Kadogo tu."

Kadogo! Fromaji, yaani jibini, ya Masisi, kule milimani karibu na Goma, ni gurudumu, na gurudumu moja ni kilo 2 hivi. Shemeji watano, mama mkwe, na yule mzee wa kanisa anayetaka "kipande cha kulainisha kifua" (kifua na jibini wapi na wapi?), hizo ni kilo 14 za matumbo ya watu kabla sijakunja shati langu. Pesa hawatoi, wanatoa baraka. Anayejitahidi sana anatoa noti ya dola 5 iliyochanika ukingoni kama imeonjwa na panya, naye anajua kabisa kwamba hapa kwetu dola yenye mchaniko hata muuza karanga haigusi.

Mimi nasafiri kwa ajili ya tumbo langu, si la ukoo. Nataka kufika mahali, kukaa kwenye benchi, kula kile kinacholiwa pale, saa ile kinapoliwa. Lakini kwa kuwa mtaniagiza tu, basi kaeni chini leo niwaambie kazi mnayonipa.

Fromaji hainunuliwi kwa macho. Unaibonyeza katikati kwa dole gumba. Ikirudi juu polepole, imekomaa. Dole likizama kama kwenye udongo wa masika, hayo bado ni maziwa yaliyojikunja, na yatakutolea maji safari nzima. Kisha unaigonga kwa kifundo cha kidole. Mlio mzito, sawa. Ikilia kama ngoma na ubavu umevimba, ndani kuna hewa ya vijidudu: ama maziwa yalikamuliwa kwa mikono michafu, ama yalilala kwenye kopo muda mrefu kabla ya kufanyiwa kazi. Hiyo hata ukipewa bure iache, itaendelea kuvimba mpaka bandarini. Ganda liwe kavu, la manjano, bila ufa. Ukungu wa juu unafutika kwa kitambaa chenye maji ya chumvi na siki kidogo. Ukungu uliopita kwenye ufa umeshuka ndani, na huo dawa yake ni kisu: kata sentimita 2 kuzunguka pote, na hapo shemeji atasema umekula.

Halafu muuzaji, kwa upendo tu, anaifunga ndani ya sakoshi ya plastiki, mara tatu, na fundo juu. Plastiki! Fromaji inapumua. Ukiiziba inatoka jasho, jasho linageuka ute, na ukifika nyumbani mama mkwe ananusa kisha anakutazama wewe kana kwamba ute ni wako. Karatasi ndiyo nguo yake, na juu ya karatasi kitambaa safi kilicholowekwa maji ya chumvi na kukamuliwa. Ndani ya boti isikae upande wa injini, kwa sababu ikipata joto mafuta yake yanatoka nje na inabaki kama mpira. Isikae chini ya gunia la viazi. Na isikae, narudia, isikae karibu na samaki mkavu. Jibini hunyonya harufu kuliko jirani anavyonyonya umbea. Wapo watu hapa mjini wanaoamini kabisa kwamba fromaji ya Masisi ina ladha ya ndagala (dagaa), na kosa si la ng'ombe.

Viazi navyo, sina la kusema. Vikipigwa na jua juu ya boti vinageuka kijani, kijani hicho ni dalili ya sumu na uchungu, wala kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Funika gunia. Basi.

Sasa mwenye safari atakula nini wakati anagonga fromaji za watu saba? Biskuti.

Maana Goma ina saa yake ya kula, nayo ni fupi. Ni kati ya saa sita na saa saba na nusu mchana, kwenye malewa, vile vibanda vya chakula, ambako sufuria ya maharagi ilipanda kwenye babula, jiko la makala (makaa), alfajiri. Kando ya ziwa pale ni karibu mita 1,460 juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Yanarukaruka, yanapiga kelele, yanamwagika, lakini joto ni hilo hilo, na kuongeza makala ni kuchoma makala. Maharagi yaliyolowekwa usiku kucha yanataka saa 2 na zaidi. Yasiyolowekwa yanataka subira ya Ayubu. Mama mwenye haraka anatia nyanya mapema ili mchuzi upate rangi, na uchachu wa nyanya unakaza maharagi. Unaletewa mchuzi mtamu wenye changarawe. Na usiulize "mama, yameiva?", kwa sababu jibu la swali hilo halijawahi kubadilika: "Yameiva papa, karibu!" Omba punje moja, ibonyeze kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Isipopondeka bila msaada wa jino, kula makemba, ndizi za kupika.

Lakini wewe mbeba fromaji unafika saa tisa. Sufuria imeshapanguswa. Limebaki bugali la baridi lenye ganda juu kama kobe.

Mtasema basi kwenda ni nafuu, mizigo ni ya kurudi. Nani kawaambia? Ndugu wa Goma nao wana simu. Wao wanataka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, "za Bukavu". Jamani, ziwa ni moja! Sambaza wa Bukavu na sambaza wa Goma wanaoga maji yale yale, pengine ni baba mmoja. Tena si wenyeji wa pale: ni ukoo wa ndagala wa Tanganyika, walioletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki mwenyewe ni msafiri, sasa mnataka nimsafirishe tena.

Na sambaza mbichi hasafiri. Tumbo lake dogo lina majimaji makali ya kusaga chakula, na akishakufa majimaji hayo yanamsaga yeye mwenyewe. Bila barafu, aliyevuliwa usiku anaanza kupasuka tumbo kabla ya mchana kukomaa. Ukitaka afike, barafu na samaki viwe uzito sawa, tabaka juu ya tabaka, na maji yapate pa kutokea. Nani atalipa barafu? Baraka.

Kisha kuna mwezi. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa, anaifuata taa kama kijana anavyofuata muziki wa harusi. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa haimshangazi mtu, wavuvi wengi wanalala. Kwa hiyo usiniagize sambaza wiki ya mwezi mpevu halafu ukalalamika bei. Lalamika kwa mwezi.

Kinachosafiri ni wa kukaangwa, tena si kwa mtindo wa haraka haraka. Kilo 1, osha kwa maji yenye chumvi, mwaga kwenye kung'uto achuje dakika 20. Ukimtia na maji yake mafuta yanaruka usoni na samaki anachemka badala ya kukaangika. Mafuta yawe kina cha vidole viwili. Tupa kipande cha kitunguu: kikizama kimya, ngoja, kikiibuka na kuimba, anza. Konzi moja kwa mara moja, usizidishe, kwa sababu samaki wengi huyapoza mafuta, na mafuta yaliyopoa huingia ndani ya samaki badala ya kumkausha. Dakika ya kwanza usimguse, atakatika. Baada ya dakika 4 au 5 akivunjika kwa mlio, mtoe. Amwagwe kwenye karatasi, apoe kabisa, kabisa, ndipo afungwe. Ndugu zangu hapa ndipo wanapoharibu: wanamfunga wa moto, wanafunika, mvuke unarudi, na njiani wale samaki waliokuwa wakilia *kra kra* wanakuwa kama mkia wa shati lililonyeshewa. Hotelini wanakuletea hao hao wamefunikwa sahani juu, "ili visipoe." Acha vipoe, bwana!

Nanasi za Idjwi, kisiwa cha humo ziwani, nazitaja kwa heshima tu. Nusa kitako chake. Kisiponukia, rudisha, kwa sababu nanasi likishakatwa shambani haliongezi sukari hata ukilitunza kama mtoto mchanga. Nimemaliza na nanasi.

Tuje Uvira. Hapo ndipo ninapoumia kweli, kwa sababu Uvira kuna samaki aitwaye mukeke, na mukeke wa kuchomwa kando ya Tanganyika ni chakula ambacho mtu angepaswa kukila akiwa mikono mitupu na moyo mtupu. Unamchagua mwenyewe. Jicho liwe limejaa na kung'aa, shavu la ndani jekundu, na ukimbonyeza ubavuni nyama irudi. Jihadhari na yule anayelazwa chini ya majani mabichi na kurushiwa maji kila mteja akikaribia: maji yanamng'arisha ngozi, jicho hayalidanganyi. Achanjwe mara tatu kila upande mpaka mfupani, chumvi na ndimu na pilipili vipate njia, akae nusu saa. Makala yawe yameshika majivu meupe, si ndimi za moto. Wavu upate moto kwanza na kupakwa mafuta, la sivyo ngozi inabaki kwenye wavu na wewe unaletewa samaki aliye uchi. Dakika 8 hivi kila upande, ageuzwe mara moja tu. Mchomaji anayemgeuza geuza kama anatafuta kitu alichopoteza, mnyang'anye kijiti. Vitunguu vibichi pembeni, makemba ya kukaanga, na usimwache mtu akumwagie mayonezi.

Ila ukiambiwa "dakika tano papa", jua makala bado yako sokoni. Saa nzima hiyo. Na saa hiyo nzima dereva wa teksi anapiga honi, kwa sababu mmenipa kazi nyingine: bidoni za mawese.

Mawese, jamani. Lita 20. Inamisheni bidoni kwanza muone chini, maji hukaa chini na mafuta juu, wapo wanaowauzia ziwa kwa bei ya mafuta. Mimina kijiko kwenye kikaango: yakipasukapasuka sana, yana maji. Usijaze mpaka shingoni. Kule chini ni joto, mafuta yanatanuka, kifuniko kinatema. Weka kipande cha plastiki chini ya kifuniko, kaza, isimamishe wima. Ikilazwa, kwenye kona za mlima wa Ngomo, njia ya kurudi Bukavu, itakuandikia barua kwenye suruali. Na doa la mawese msilikimbilie na maji! Unga mkavu kwanza unyonye, kisha sabuni ikiwa kavu juu ya doa, ndipo maji ya moto, halafu anika juani. Ile rangi nyekundu jua ndilo linaila, si sabuni.

Yamefika. Uvira iko chini sana kuliko Bukavu, kule mafuta yalikuwa majimaji. Huku usiku wa baridi yameganda nusu, chini mazito ya njano, juu mekundu. Mama mkwe anachungulia bidoni, anakoroga kwa mwiko wake, anakaa kimya ule ukimya wake. "Mukwe, haya umeyachanganya na nini?" Na baridi, mama. Nimeyachanganya na baridi ya Bukavu. Pasha moto kidogo yatarudi, ndivyo mafuta yalivyo. Haamini. Anamwita jirani aje aone.

Wakati huo shemeji ameshapima fromaji kwa mkono. "Hakukuwa na kubwa?"

Na kuhusu yale maneno kwamba mwezi wa nane naenda Lubumbashi, sijui mmeyatoa wapi. Siendi. Hakuna anayekwenda. Na kama kuna mtu ameshamwambia mama mdogo kwamba kule kuna chikanda, mkate ule wa mizizi ya porini na karanga, aende akamwambie tena kwamba haipendi joto, inachacha njiani, na uwanja wa ndege wanapima mizigo kwa kilo, si kwa udogo wa "kadogo tu".