Mabehewa Yanaota Magugu, Trela Zinateremka Salgaa

Ukitembea kando ya reli hapa Nakuru utakuta mabehewa ya mizigo yameegeshwa msururu mrefu kwenye njia za pembeni. Magurudumu yameshika kutu, magugu yamepenya katikati ya mataruma, na mipira ya breki imepasuka kwa jua. Wengi wetu tumeyazoea hata hatuyaoni tena. Mimi yananiuma, na sababu yangu si mapenzi ya treni za zamani.

Sababu yangu ni barabara. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 inapanda kutoka Nakuru ikipitia Njoro, Elburgon, Molo na Londiani kabla ya kuteremka Muhoroni. Mtajie mkazi yeyote wa Bonde la Ufa majina hayo uone atakumbuka nini. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan karibu na Molo, likalipuka watu wakichota petroli, na zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023 trela iliyobeba kontena iliacha njia pale Londiani Junction, ikawavamia wachuuzi na matatu zilizokuwa zimesimama. Zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Mteremko wa Salgaa, ulio kwenye barabara hiyohiyo ya Nakuru na maarufu kwa ajali za malori, sina haja ya kuueleza.

Mafuta na makontena ni mizigo ya treni. Behewa moja la reli yetu ya zamani, yenye upana wa mita moja, hubeba takriban tani 40, na injini moja huvuta mengi kwa mkupuo. Nitaambiwa kwamba lori hufika hadi mlangoni mwa duka, treni haifiki. Ni kweli, na viazi vya Molo vitapanda lori vyovyote vile. Lakini shehena inayotoka Mombasa kwenda Uganda haina duka la kushukia Sachangwan. Njia ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, treni ya abiria ikarudi Desemba 2021. Kisumu kuna MV Uhuru, meli iliyoundwa kubeba mabehewa mazima kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, Uganda. Basi kwa nini mabehewa yamelala?

Naona tatizo lilianza zamani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977 na mali ya reli ikagawanywa kwa mivutano. Mwaka 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways. 2017 mkataba ukavunjwa. Reli ikipita mikononi mwa watu wengi namna hiyo, kila anayeingia humwachia anayefuata kazi ya kutengeneza kilichoharibika.

Marekani, reli zisizotumika hukodishwa kuegesha mabehewa, na mwenye behewa hulipa kwa siku. Hata hivyo watu hawanyamazi: mwaka 2017 palizuka malalamiko makubwa jimboni New York kuhusu mabehewa ya mafuta yaliyoegeshwa ndani ya Adirondack Park, eneo la hifadhi, na kampuni iliyoyamiliki ikakubali kuyaondoa. Hilo la kulipa kwa siku nalitamani sana. Anayeletewa bili kila mwezi hawezi kusahau kwamba ana behewa.

Hapa kwetu, wanaoyakumbuka ni wezi wa vyuma. Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena Mei mwaka huohuo. Behewa lisilo na mlinzi huondoka kipande kwa kipande, usiku, na hela haziingii katika hazina ya umma.

Nadai orodha. Kila behewa lina namba ubavuni, kwa hiyo kazi hiyo si ya miaka. Shirika la Reli liiweke hadharani: lipi linatengenezeka na kwa shilingi ngapi, lipi ni la kukatwa na kuuzwa kwa mnada wa wazi. Wabunge wa Nakuru, Kericho na Kisumu waidai kabla ya bajeti ijayo kusomwa. Na karakana ianze na mabehewa ya mafuta, maana hakuna mzigo unaotuua vibaya kama huo tunapouteremsha Salgaa kwa magurudumu ya mpira.