Mawimbi ya redio ndani ya nyumba zetu: tufuate kila mwale au tutumie takwimu?

Chukua chumba cha kawaida pale Nkuhungu, Dodoma: matofali ya kuchoma, bati lisilo na dari, dirisha la nondo, kabati la chuma kwenye kona. Ukiwasha ruta, wimbi haliifikii simu mara moja tu. Sehemu yake huja moja kwa moja, nyingine hugonga bati kwanza, nyingine kabati, na kila mwangwi huchelewa kivyake. Kwa nanosekunde moja wimbi husafiri sentimita 30 hivi. Ndiyo maana ishara yenye upana wa masafa wa gigahezi 1, inayopambanua muda wa nanosekunde moja hivi, hutenganisha miangwi iliyopishana kwa urefu wa rula ya mwanafunzi. Ile ya megahezi 20 hudai tofauti ya mita 15, yaani nyumba nzima imeshapitwa.

Kutabiri miangwi hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuingiza ramani ya nyumba kwenye kompyuta na kufuata kila mwale, yaani kila njia ambayo wimbi hupita. Kwa jengo jipya la ofisi kule Mtumba, ambalo michoro yake ipo, naiunga mkono. Kwa nyumba iliyoongezwa chumba kila mwaka pesa ilipopatikana, nani ana mchoro? Tena ukisogeza kabati, hesabu inaanza upya.

Ya pili ni takwimu. Mwaka 1987 watafiti Saleh na Valenzuela, baada ya kupima jengo la ofisi nchini Marekani, walionyesha kwamba miangwi huja kwa makundi, na nguvu hupungua kutoka kundi hadi kundi na ndani ya kila kundi. Namba nne zinatosha kueleza jengo. Kwangu huo ni uzuri mkubwa, maana hata mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuutumia.

Ila namba zile ni za kuta zao. Bati huakisi karibu wimbi lote, hivyo sioni kwa nini chumba cha Nkuhungu kififishe miangwi kwa kasi ileile ya ofisi yao. Anayenakili namba hizo na kuandika kwamba amechambua nyumba za Dodoma anapotosha, hata kama hesabu yake haina kosa.

Mimi ningechukua umbo la modeli yao, namba tupime wenyewe. Antena moja ikae mezani, ya pili isogezwe sentimita chache chache, vyumba kadhaa, milango ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Wazi hasa, kwa sababu mchana wa Oktoba hapa hakuna anayejifungia ndani.