Jina la George Eliot libaki kwenye jalada

Agosti 2020, waandaaji wa tuzo ya Uingereza ya riwaya za wanawake, wakifadhiliwa na kampuni ya vinywaji Baileys, walitoa upya vitabu 25 vya wanawake walioandika kwa majina ya kiume. Safari hii kila kitabu kilibeba jina la mwenyewe. Riwaya ya Middlemarch, iliyojulikana miaka yote kuwa ya George Eliot, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, ikatoka na jina lake la kuzaliwa, Mary Ann Evans.

Hoja yao, kwamba wanawake hao warudishiwe majina yao, si ya kubeza. Wahakiki wa karne ya 19 walikuwa na mizani mbili, ya wanaume na ya wanawake. Hadithi za kwanza za Eliot zilipotoka, mwandishi Charles Dickens alimwandikia Januari 1858 kwamba anahisi mkono wa mwanamke ndani yake. Msichana anayepita leo mbele ya rafu na kuona "George" anaweza asijue kabisa kwamba riwaya kubwa kama ile iliandikwa na mwanamke. Hasara hiyo ni ya kweli.

Lakini tuzitazame tarehe. Jina George Eliot lilionekana kwa mara ya kwanza katika barua ya Februari 1857 kwa wachapishaji wake, Blackwood wa Edinburgh. Katikati ya 1859 siri ilikuwa imekwisha, kwa sababu watu walianza kudai kwamba riwaya yake Adam Bede ni kazi ya Joseph Liggins, mtu wa Nuneaton, na ikabidi mwandishi halisi ajitokeze. Siri ile haikufikisha hata miaka mitatu. Jina alikaa nalo miaka 23. Silas Marner (1861), Romola (1862–63), Middlemarch (1871–72) na Daniel Deronda (1876) zote zilitoka kwa jina hilohilo, wakati London nzima ya wasomi ilishajua ni nani. Mchapishaji George Smith alipokubali kulipa pauni 7,000 kwa Romola, alijua fika anamlipa mwanamke. Ikiwa lengo lilikuwa kuficha jinsia tu, kwa nini hakulitupa jina lile mwaka 1859?

Jibu liko nyumbani kwake. Tangu 1854 aliishi na George Henry Lewes, mume wa mtu. Mke wa Lewes, Agnes, alizaa na mwanamume mwingine. Lewes akamwandikisha mtoto kwa jina lake, na kwa sheria ya wakati ule hilo lilihesabika kuwa ameridhia. Talaka ikawa haiwezekani. Juni 1859 Lewes alieleza kwamba walitaka kitabu kisihukumiwe mapema kuwa kazi ya mwanamke, au ya mwanamke fulani. Ni maneno hayo ya mwisho ambayo kampeni ya 2020 imeyapita. Aliyekuwa hatarini ni huyu mmoja, ambaye watu wa heshima hawakumkaribisha majumbani mwao.

Na hilo jina "Evans" analorudishiwa? Kitabu kimoja tu alikitoa kwa jina hilo, tafsiri ya kitabu cha mwanafalsafa Mjerumani Feuerbach, ya mwaka 1854, na hata hapo aliandika Marian, si Mary Ann. Baada ya kuhamia kwa Lewes aliwataka marafiki waache kumwita Bi. Evans. Kaka yake, Isaac Evans, alipopata habari mwaka 1857 alikata mawasiliano, asimwandikie tena hadi Mei 1880, dada yake alipofunga ndoa na John Cross. Evans ni jina la ukoo uliomfungia mlango. George ni jina la Lewes, mtu aliyemhimiza kuandika riwaya, akalichukua kutoka kwake kwa hiari. Kulifuta hilo la pili kwa nia ya kumtetea ni kumwamulia mwanamke aliyekwisha kujiamulia.

Haja ya yule msichana mbele ya rafu inatimizwa na picha ya mwandishi kwenye jalada na kurasa mbili za utangulizi zinazosimulia maisha yake.

Kaburi lake liko Highgate, London. Jiwe lina majina mawili, George Eliot na Mary Ann Cross. Evans halimo.