Kijana wa ughaibuni si mgeni wa ukoo

Katika misiba mingi ya hapa Dodoma, kabla ya kwenda makaburini husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameugua kwa muda gani, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Vijana wetu wanaokulia nje ya nchi wamo katika hesabu hiyo ya wajukuu. Mara nyingi hesabu inasomwa wao wakiwa hawajaambiwa kwamba bibi amefariki.

Watu wazima hukubaliana kwenye simu. "Asiambiwe kwanza, ana mitihani." "Yuko mbali, tutamchanganya bure." Wanasema kwa huruma, najua, lakini huyo anayefichwa ana miaka 15 au 16 na simu iko mkononi mwake kutwa nzima. Binamu yake ataweka picha ya mshumaa kwenye stetasi, watu wataandika "poleni sana wanafamilia", naye atakuwa kwenye basi la shule Leicester, Uingereza, au Minneapolis, Marekani, akijiuliza nani kafa katika familia yake mwenyewe. Ombi letu la kununuliwa viatu vya mpira wa miguu linamfikia siku hiyo hiyo linapotumwa, ila habari ya msiba inazungushwa wiki mbili.

Nasema wazi ninavyoona: vijana hawa tunawalea kama wageni wa ukoo, halafu wakishakuwa watu wazima tunalalamika kwamba wana tabia za wageni. Wanasalimia vizuri, wanashukuru kwa chakula, wanapiga picha na kuondoka. Tulitegemea nini?

Kaka yangu anaishi Leicester na mke wake na watoto watatu. Wa kwanza ni binti, ana miaka 15. Huku watu wakimtaja wanasema "yule yuko Uingereza, anakula raha". Kule hakuna dada wa kazi, wala jirani wa kumwachia mtoto kwa kumwita tu juu ya ukuta. Wifi yangu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akiwa na zamu ya asubuhi anatoka saa kumi na mbili. Kaka akiwa ameingia zamu ya usiku, bado hajarudi. Kwa hiyo binti ndiye anayewaamsha wadogo zake, anawapa uji, anatafuta soksi iliyopotea, anampeleka wa mwisho shuleni kwake, kisha anakimbia kwenda shuleni kwake mwenyewe. Mwezi wa Desemba jua la kule linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo anarudi gizani. Anapika wali, anasimamia masomo ya wadogo, anakumbuka siku ya kutoa takataka. Mwakani ana mitihani ya GCSE, ile ya kumalizia hatua ya sekondari wanayofanya Mei na Juni.

Huyo ndiye mtoto tunayemwona hawezi kubeba habari nzito.

Na akija likizo? Shule za England hufungwa Julai kwa wiki kama sita. Huku ni kiangazi, asubuhi kuna baridi kali na mchana upepo unasomba vumbi. Binti anapokelewa kwa kuku na soda. Anakalishwa sebuleni, anawashiwa runinga. Akinyanyuka kuosha sahani aliyolia chakula, watu watatu wanampokonya: "Acha mwanangu, umechoka na safari." Wiki ya pili bado amechoka na safari. Anapelekwa viwanja vya Nyerere kupiga picha, anapandishwa treni ya umeme kwenda Dar es Salaam kisha anarudishwa, na watu wanaona ameonyeshwa kwao.

Kuna tatizo la kalenda pia ambalo wazazi walioko nje hawalijui mpaka wafike. Shule zetu za sekondari hufungwa Juni na kufunguliwa mapema Julai. Mtoto wa Leicester anatua huku binamu zake wa rika lake wamesharudi darasani, wengine wako bweni kabisa, na wa kidato cha nne hawainui macho kwa sababu ya mtihani wa Novemba. Anabaki na watu wazima wanaomhudumia. Binamu wakija Jumamosi wanamkuta amekaa kwenye kochi kama mjumbe wa kamati, wao wanaambiwa wachote maji na wafagie uwanja. Ni nani atakayejenga udugu hapo? Binamu hawazoeani kwa kutambulishwa. Wanazoeana kwa kugombezwa pamoja, kwa kutumwa sokoni pamoja na kurudi na chenji pungufu, kwa kubishana zamu ya kuosha masufuria ni ya nani. Hayo yote tumemnyima tukidhani tunamheshimu.

Niseme na la misiba, maana hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kusafiri kuja kuzika si rahisi. Nauli ya ghafla ni kubwa, na England mzazi anayemtoa mtoto shuleni siku tano bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya pauni 80, kila mzazi kwa kila mtoto. Mwalimu mkuu anaweza kutoa ruhusa kwa sababu nzito, lakini siku chache hazitoshi kufika kijijini na kukaa matanga. Haya nayakubali. Ila kutokuja na kutojua ni vitu viwili. Binti wa miaka 15 anaweza kupewa kazi katika msiba akiwa huko huko. Wasifu wa marehemu lazima uandikwe na mtu. Kwa nini asiandike yeye, akipiga simu kwa shangazi na baba wadogo kuuliza bibi alihamia lini Mpunguzi na mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka gani? Atapata kwa usiku mmoja historia ambayo sisi hatukumsimulia miaka yote. Picha za marehemu zimetawanyika kwenye simu za watu 30, naye anaweza kuzikusanya. Na kwenye daftari la rambirambi aandikwe kwa jina lake, hata kama ni shilingi elfu tano alizodunduliza. Sisi tunaandika jina la baba yake tu, kana kwamba nyumba nzima ya Leicester ni mtu mmoja.

Wifi yangu ana hoja, na siipuuzi. Anasema mtoto akipata habari mbaya asubuhi ya mtihani hakuna shangazi wa kumkumbatia, hakuna kelele za waombolezaji za kumsaidia kulia, kuna chumba na dirisha lenye mvua. Ni kweli. Msiba wa peke yako ni mzito kuliko msiba wa watu 200 chini ya turubai. Jibu langu ni kwamba amalize karatasi ya siku hiyo, kisha jioni aambiwe na mzazi wake kwa mdomo, wakiwa wamekaa. Huku turubaini mtu ashike simu ya video ili aone nani yuko na asikie nyimbo. Kuna tofauti ya saa mbili wakati wa kiangazi chao na tatu wakati wa baridi, na hiyo haizuii kitu, maana huku watu wanakesha.

Hili si suala la hisia tu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili mpaka atimize miaka 18, kisha lazima achague. Tumesikia mijadala ya uraia pacha na ya hadhi maalumu kwa diaspora ikiendelea kwa miaka katika Bunge hili hili lililopo mjini kwetu, na kila upande una hoja zake. Mimi naangalia upande wa yule kijana. Siku akiulizwa achague, atajiuliza ana nini huku. Kama alichonacho ni kochi la sebuleni na picha za Nyerere, uchaguzi hautamchukua muda. Kama kuna mti wa zabibu aliowahi kuuhudumia, bibi anayemgombeza kwenye simu na binamu anayemdai mia tano, atalifikiria jambo hilo usiku kucha.

Kwa hiyo mwaka huu tumekubaliana na kaka, baada ya mabishano marefu, kwamba binti akija Agosti atakaa mjini siku chache tu. Muda uliobaki atakuwa Mpunguzi, barabara ya Iringa, kwa mama yetu mdogo mwenye shamba la zabibu. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili yanaangukia Agosti na Septemba. Ataamka alfajiri kukata vichala kabla jua halijawa kali, atabeba ndoo kama wenzake, na mama mdogo amesema yeye ndiye atakayeshika daftari la mizani, kilo ngapi kwa mnunuzi gani, kwa sababu mwaka jana hesabu zilileta ugomvi. Akikosea ataulizwa yeye. Jumamosi binamu wa mjini watapanda daladala waende wakasaidie, na watalala huko huko, wote chumba kimoja.

Wifi ameuliza kuhusu malaria, na ni haki yake. Mtoto aliyekulia Ulaya hana ile kinga kiasi ya mwilini ambayo mtu hujijengea kwa kuambukizwa malaria mara kwa mara. Dodoma haina malaria nyingi kama mikoa ya Kanda ya Ziwa, lakini atakuja na dawa za kinga alizoandikiwa na daktari wa kule na atalala kwenye chandarua. Maji ya kunywa yatachemshwa. Ameuliza pia kuhusu choo cha shimo. Hapo nilimwambia kwamba binamu zake wanakitumia kila siku, na yeye wifi mwenyewe alikitumia alipokuja ukweni.

Na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lililokuwa la watu wazima tupu, nimeomba vijana wote waliofikisha miaka 15 waingizwe, walio Leicester na walio Nkuhungu hapa Dodoma. Baba mkubwa bado anapinga, anasema humo kuna mambo ya mashamba na madeni. Nimemjibu kwamba mashamba hayo na madeni hayo ndiyo watakayoyarithi, na Jumapili nitamfuata nyumbani kwake tuzungumze ana kwa ana.