Mzio wa chakula kwa mbwa: msiniombe kipimo cha ng'ambo

Tangu nihamie ng'ambo, ndugu zangu wanaofuga mbwa nyumbani huniomba niwatumie vile vipimo vya mzio wa chakula vinavyouzwa mtandaoni. Unapeleka mate au manyoya ya mbwa, unarudishiwa orodha ndefu ya vyakula vya kumkataza. Jibu langu ni moja: hifadhini fedha zenu.

Huku vimeenea, na karatasi yenye nembo ya maabara inaaminisha watu. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, kipimo cha namna hiyo kilishindwa kumtofautisha mbwa mwenye mzio na asiye nao, na hata manyoya halisi na ya bandia. Vipimo vya damu navyo, kwa upande wa chakula, si vya kutegemea. Mbwa mzima kabisa anaweza kuonekana ana mzio.

Kinachotoa jibu ni sahani. Kwanza viroboto na maambukizi ya ngozi na masikio yatibiwe, maana nayo huwasha. Kisha, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, mbwa anapewa aina moja ya protini ambayo hajawahi kula pamoja na wanga wa aina moja, au chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa hadi mwili usiitambue. Asile kitu kingine chochote kwa wiki 8. Tumbo huwahi kutulia, ngozi huchelewa, kwa hiyo wiki 3 hazitoshi kumhukumu mbwa anayejikuna.

Hapa ndipo naona nyumbani mna nafasi nzuri kuliko mnavyodhani. Mbwa wa huku kala pakiti za kila namna tangu utotoni, na pakiti iliyoandikwa kondoo inaweza kuwa na kuku ndani, hivyo kupata nyama asiyoijua ni kazi. Anayempikia mbwa wake mwenyewe anajua kilichoingia sufuriani. Tatizo lenu ni mbwa kuzurura na kulishwa na kila mtu: mtoto anamtupia kipande, jirani anamwita. Hata dawa ya kutafuna yenye ladha ya nyama inaharibu zoezi zima. Huku mbwa yuko ndani, namwona. Ninyi itabidi mkubaliane nyumba nzima, tena mumfunge geti, na hilo ni gumu kuliko kununua kipimo.

Kuna hatua inayorukwa pande zote mbili, nayo inanisikitisha. Mbwa akipona, watu wanaishia hapo. Mrudishieni chakula cha zamani: mwasho ukirudi, kwa kawaida ndani ya wiki 2, ndipo mmethibitisha. Baada ya hapo jaribuni kimoja kimoja, ng'ombe, maziwa, kuku, ngano, ambavyo ndivyo vinavyotajwa zaidi. Bila hivyo mbwa atanyimwa maisha yake yote vyakula ambavyo huenda havimdhuru, na lishe ya majaribio iliyopikwa nyumbani mara nyingi haina madini ya kumtosha kwa muda mrefu, hasa akiwa bado anakua.